Baba anakuja na kichwa cha mbogo, na mimi watu nimeshawadanganya

BARUA

Shikamoo mama mshauri. Jina langu naomba ulifiche, Arusha hii ni ndogo kuliko watu wanavyodhani hasa ukiwa kwenye kazi za utalii.

Mimi ni kijana wa miaka 34, kwetu ni Liwale, mkoa wa Lindi, ila huku kaskazini niko mwaka wa tisa sasa. Naendesha watalii, hizi safari za picha, Tarangire, Manyara, Ngorongoro, Serengeti, unarudi mjini siku mbili unafua nguo unaondoka tena. Nimeoa, tuna binti wa miaka minne, na mwezi wa tano tumehamia kwenye nyumba yetu wenyewe. Plasta ya nje bado lakini ni yetu.

Baba yangu alifanya kazi kwenye kambi za uwindaji wa kitalii pori la Selous kuanzia 1984 mpaka magoti yalipomgomea 2012. Hakuwa mwindaji, alikuwa mchunaji. Yaani mgeni akishapiga mnyama wake na kupigwa naye picha, gari linaleta mzigo kambini na hapo ndipo kazi ya baba inapoanza. Nilifika kambini mara moja tu, likizo ya darasa la sita, nilipanda lori la mahitaji. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda na ngozi ya simba mapajani, anageuza sikio ndani nje kwa kisu kidogo kama mtu anayemvua mtoto soksi, taratibu, maana sikio lisipogeuzwa lote chumvi haifiki, na chumvi isipofika manyoya yananyonyoka, na manyoya yakinyonyoka mgeni anapiga kelele na lawama zote ni za mchunaji. Akimaliza masikio anaenda midomo, halafu kope. Halafu ile chumvi ya mawe, anaisugua kwa kiganja mpaka kiganja kinakuwa cheupe. Pembeni kuna pipa linachemka na vichwa ndani yake. Harufu ile mama sijaisahau mpaka leo, na baba alikuwa anarudi nayo nyumbani kila msimu ukiisha, tulikuwa tunamkimbilia huku tumeziba pua.

Ada yangu, mabati ya nyumba, operesheni ya mama, vyote vimetoka kwenye chumvi ile na tipu za dola ambazo baba alikuwa anazikunja ndani ya soksi.

Sasa tatizo. Mwaka 2016 ndio nimeanza kuendesha wageni, na stori ya Cecil ilikuwa bado ya moto, yule simba wa Hwange kule Zimbabwe aliyeuawa 2015 na daktari wa meno Mmarekani. Gari zima walikuwa wanaongea kwa hasira, mama mmoja analia kabisa. Akaniuliza, na baba yako naye ni mtu wa wanyama? Nikajibu haraka haraka, ndiyo, ni askari wa wanyamapori mstaafu, alipambana na majangili. Gari zima wakapiga makofi. Mama sijui nikwambieje, ilikuwa tamu. Safari iliyofuata nikasema tena, nikaongeza na chumvi (samahani kwa hilo neno), na mwisho bosi wangu akaiweka kwenye maelezo yangu ya kampuni, mtoto wa askari wa wanyamapori. Hata mke wangu anajua mzee alikuwa mtu wa maliasili, basi, hajawahi kuuliza zaidi na mimi sijawahi kufafanua.

Wiki iliyopita baba kapiga simu. Ana miaka 71, hajawahi kufika Arusha, anataka aje aone nyumba, na anakuja na zawadi. Ile zawadi ni kichwa cha mbogo kilichokaa ukutani kwetu Liwale tangu 1998. Fuvu na pembe zake, kubwa, pale katikati pembe zinapokutana pamenenepa kama mkate wa boflo. Kuna mgeni alipiga mbogo wawili, akaondoka na mkubwa, huyu akamwachia baba. Karatasi ipo, baba anaitunza kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku, niliwahi kuisoma, ni barua ya mkono ya Kiingereza inasema asante rafiki yangu kwa kazi nzuri, na muhuri wa kampuni ya uwindaji chini yake. Halafu anasema ataleta na kichupa cha mafuta ya simba kwa ajili ya mjukuu, asiogope giza.

Mke wangu nimemwambia habari ya kichwa tu, akasema kikiingia hicho yeye anatoka, hawezi kunywa chai anaangaliwa na maiti. Halafu kuna wazee wawili wa Uholanzi, wageni wangu wa kila mwaka, wanakuja mwezi ujao na wameshaniambia wanataka waje nyumbani wamsalimie "askari". Wamesikia anakuja, nimewaambia mimi mwenyewe kwa mdomo wangu huu.

Na usidhani naogopa wageni tu. Mimi mwenyewe hantingi siipendi. Wale tembo wa Amboseli wenye meno marefu waliovuka mpaka wakapigwa upande wetu kule Enduimet kati ya 2023 na 2024, nilikosa usingizi. Nimekaa na simba saa sita mfululizo wamelala tu na nimewapenda. Siwezi kuelewa mtu analipa hela zote hizo ili aue kitu halafu akitundike sebuleni. Sasa na mimi nikitundike sebuleni kwangu?

Nikikikataa namkataa baba. Nikikipokea mimi ni nani? Baba alichosema kwenye simu ni hiki: "Kichwa hiki nimekaa nacho vya kutosha, sasa na wewe kaa nacho." Basi anapanda Alhamisi ijayo.

Mtoto wa Mchunaji, Arusha

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera ya nyumba. Plasta itakuja.

Nitaanza na lile lenye haraka, mengine yanaweza kusubiri. Ongea na mzee kabla ya Alhamisi, asipande basi na hicho kichwa. Wala hicho kichupa. Najua umeniandikia habari za moyo na mimi nakurudishia habari za vizuizi vya barabarani, ila kutoka Liwale mpaka Dar, na Dar mpaka Arusha, ni safari ndefu, na boksi lenye pembe juu ya keria haliwezi kupita kimya kimya. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inahesabu nyara karibu kila kitu kinachotoka kwa mnyama pori, pembe, kucha, mfupa, ngozi, nyama, mpaka hayo mafuta ya mjukuu. Ile sentensi tunayoisikia kila siku kwenye taarifa ya habari, "amekutwa na nyara za serikali", ndio hiyo hiyo. Kukutwa nazo bila kibali kunaweza kuendeshwa kama kesi ya uhujumu uchumi na kuna watu wanatumikia miaka 20 sasa hivi. Barua ya asante yenye muhuri wa kampuni ni kitu kizuri cha kumbukumbu, lakini inayotakiwa ni hati ya umiliki inayotolewa na mamlaka ya wanyamapori. Inawezekana ipo mahali na mzee haijui, inawezekana mgeni na kampuni walifuata taratibu zote mwaka ule wa 1998 na karatasi zikabaki ofisini kwao. Inawezekana pia hakuna kitu. Sio mimi wa kumwambia baba yako ana kosa au hana. Ningekuwa wewe ningetafuta wakili kwanza, nimweleze yote, halafu yeye ndiye aulize TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) njia sahihi ya mtu kujitokeza na kitu alichokaa nacho miaka mingi, kabla ya mtu yeyote kukihamisha hata chumba. Na hapo ukutani Liwale kilipo sasa, swali la karatasi ni lile lile.

Najua pia kwenu ukitaja maliasili watu wanakaza uso. Operesheni Tokomeza ya 2013 ilikuja kupambana na ujangili, ikasimamishwa baada ya malalamiko ya watu kuteswa na kunyang'anywa mali, mawaziri wanne wakang'oka. Kwa hiyo mzee akisita ukimwambia habari ya kwenda kuuliza ofisini, usimuone mkaidi.

Haya, sasa tukae.

Umeniambia una tatizo la kichwa. Nimekusoma usiku, nikakusoma tena asubuhi na chai, na nikajiuliza swali moja la kipuuzi nikuulize na wewe. Tuseme usiku huu moto wa nyumba ya jirani kule Liwale unarukia kwenu, kichwa kinaungua, baba anakuja Alhamisi mikono mitupu na kikapu cha korosho tu. Umepona? Mke haoni maiti, ukuta uko safi, Waholanzi wanakuja. Wanakaa kwenye kochi na mzee, wewe ndio mkalimani, na yule bibi anauliza, mzee tuambie ulivyopambana na majangili. Utatafsiri nini?

Naona kichwa kimekuja tu kukusumbua kwa sababu hakiwezi kudanganywa. Ila naweza kuwa nimekosea, wewe ndiye unayelala na hilo jambo.

Sikusemi kwa ubaya kuhusu ule uongo. Kijana mwaka wa kwanza wa kazi, gari zima limekasirika, unaulizwa baba yako ni nani, na jibu la kweli linakufanya uwe adui wa watu saba wanaokulipa. Wengi tungesema ulichosema. Kinachonigusa ni ile uliyoandika mwenyewe, ilikuwa tamu. Walimpigia makofi baba ambaye hayupo, na yule aliyepo, wa kigoda na kisu kidogo, hajapigiwa makofi hata mara moja. Na ndiye aliyelipa ada.

Sasa kuhusu hantingi yenyewe. Umeiandika kama kitu kimoja, na mimi sina uhakika ni kitu kimoja. Unayojua wewe ya simba nayajua kidogo, kwamba ukimpiga dume mwenye familia wanakuja madume wengine na cha kwanza wanaua watoto, kwa hiyo risasi moja haiui simba mmoja. Na hapa kwetu watafiti walishaonyesha kwamba vitalu vingi vya uwindaji vilipiga simba kupita kiasi, ndio maana kanuni zikaja kusema simba wa kuwindwa awe na miaka sita kwenda juu. Muulize baba yako kuhusu pua. Simba mdogo pua yake ina rangi ya waridi, anavyozeeka inajaa madoa meusi, na wenye kazi wanaangalia hapo kabla mgeni hajanyanyua bunduki. Mtu aliyegeuza midomo ya simba kwa miaka 28 anaweza kukwambia alishika pua ngapi za waridi na alijisikiaje. Hilo swali sidhani kama kuna mtu amewahi kumuuliza.

Halafu geuza upande wa pili. Sisi wenyewe tulifunga uwindaji wote mwaka 1973, tukafungua 1978, na ujangili haukukaa kusubiri. Kenya walipiga marufuku 1977 na mpaka leo hawajarudi nyuma, wengi tunawapongeza, lakini utafiti uliotoka 2016 ulionyesha wanyama wakubwa wa porini kule wamepungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu mwaka ule ule wa 1977, kwa sababu ya mashamba, mifugo, uzio, ukame, watu kuongezeka. Sisemi marufuku ndiyo iliyowamaliza. Nasema mnyama anaweza kwisha bila kichwa chake kutundikwa popote. Na hapo kwenu Selous, tembo walihesabiwa zaidi ya laki moja katikati ya miaka ya sabini, ilipofika 2013 wamebaki kama elfu kumi na tatu. Wengi wao walikwisha kwa majangili wa meno, sio kwa mgeni mwenye leseni ya siku 21. Ila nayo isikupite: pori lile karibu lote lilikuwa vitalu, na tuliambiwa miaka yote kwamba hela ya vitalu ndiyo inalilinda. Ililinda nini, kama tembo tisa kati ya kumi hawapo? Mimi hapo huwa nakwama, na sitakudanganya kwamba nina jibu. (Hata jina lenyewe lilikuwa la mwindaji, Frederick Selous, aliuawa kwa risasi huko huko Beho Beho Januari 1917. Mwaka 2019 kipande kikubwa cha kaskazini kikawa Hifadhi ya Nyerere, na bunduki za wageni hapo zikanyamaza.)

Na safari zenu za picha ndio safi? Wewe umewahi kuwa gari la ngapi kwa duma mmoja, la kumi na tano? Nakutania, lakini kidogo tu.

Umeuliza kwa nini mtu aue halafu atundike. Hilo swali ni la haki kabisa na limuulizwe yule mwenye bunduki. Mimi huwa naona vile vyumba kwenye picha, Texas huko na Ulaya, ukuta mzima simba, chui, pofu, na kibao chini yake, jina la aliyepiga na urefu wa pembe kwa inchi. Jina la aliyefuata nyayo halipo. Jina la aliyegeuza masikio ili manyoya yasinyonyoke halipo, wakati bila yeye ule ukuta ungekuwa mtupu. Baba yako kwa maelezo yako hajapiga hata risasi moja. Sasa kichwa kile kile kikiwa ukutani kwa mpigaji kinasema jambo moja, na kikiwa ukutani kwa mchunaji mstaafu wa Liwale, sijui kinasema nini, labda kinasema nilikuwepo na mimi. Labda ndiyo cheti chake pekee cha miaka 28. Pensheni umeniambia? Hujaniambia. Uliniambia magoti.

Lakini nisikupambie. Mbogo mwenyewe hajali yuko ukutani kwa nani. Alikuwa anakula majani, akapigwa, na kuna mtu alilipa ili apigwe. Ukiamua kwamba hutaki mfupa wake nyumbani kwako kwa sababu hiyo tu, hiyo inatosha kuwa sababu, na haihitaji ruhusa ya wageni wala yangu. Isipokuwa jiulize kwa nini fuvu la tembo lililowekwa getini kwenye hifadhi halikusumbui. Wewe mwenyewe bila shaka umewasimamisha wageni pale wakaligusa, wakaingiza mkono kwenye tundu la pua, wakapiga selfi. Kuna tofauti, naiona, yule amekufa zake na amewekwa watu wajifunze. Je, tofauti ni kifo chenyewe, au ni vile lile halina mtu unayemjua nyuma yake?

Tuje kwa mke wako. Amesema hataki kunywa chai anaangaliwa na maiti, na wewe umeiandika kama kikwazo kingine kwenye orodha. Mimi namuona kama mtu ambaye ameambiwa robo ya habari. Anajua kuna kichwa, hajui kuna baba. Inawezekana hata ukimweleza yote bado atasema kichwa hapana, na ana haki, nyumba ni yake pia na kuna watu hawalali na mifupa ndani, kwa imani yao au kwa woga tu. Lakini mwambie kabla mzee hajafika. Akija kuyasikia mezani kwa mkwewe, huku yeye anapakua wali, hiyo aibu itakuwa kubwa kuliko pembe.

Na kuhusu binti, mafuta yale yasifike, hilo nimeshasema, lakini usimcheke babu yake. Anamletea mjukuu kitu alichoona kinafanya kazi kwa watoto wake. Nahisi hata wewe ulipakwa.

Nakuja kwenye ile sentensi ya simu. "Kichwa hiki nimekaa nacho vya kutosha, sasa na wewe kaa nacho." Wewe umeisikia kama amri ya urithi, chukua mwanangu, tundika, nionee fahari. Inawezekana ni hivyo. Mimi nilipoisoma mara ya pili nikasikia mtu aliyechoka. Nimekaa nacho vya kutosha. Mtu hasemi hivyo kuhusu kitu anachojivunia tu. Je, kama mzee mwenyewe ana lake na hicho kichwa, na hana pa kulisema ila kwako, kwa sababu wewe ndiye uliyeenda kuishi na hao hao wanyama wakiwa wazima? Je, kama anajua unachowaambia wageni? Kampuni zinaweka maelezo mtandaoni, Liwale kuna simu, wajukuu wa majirani wanasoma. Sisemi anajua. Nasema umekaa ukiandaa namna ya kumkataa au kumkubali, na hujamuuliza anataka nini hasa.

Kwa hiyo njia ziko kadhaa na zote zina miiba. Karatasi zikipatikana na mke akilainika, kichwa kinaweza kukaa kwako, pengine sio sebuleni, pengine na picha ya mzee pembeni akiwa kwenye kigoda chake, ili anayeuliza aambiwe habari ya mtu na sio ya bunduki. Hapo mwiba ni kwamba kila mgeni atauliza, na kila ukijibu utachagua upya. Karatasi zisipopatikana, kuna kukikabidhi kwa njia atakayowaonyesha wakili. Vyuo vya wanyamapori kama Mweka vinafundishia kwa mafuvu, na ulizeni kama inawezekana kifike mahali pa namna hiyo. Mzee anaweza kuona ni heshima, anaweza pia kuona mmemnyang'anya kitu chake cha pekee akakaa kimya miaka iliyobaki, na kimya cha wazee unakijua. Au unaweza kumwambia ukweli mtupu, baba mimi kitu hiki sikitaki kwangu, moyo wangu haukubali. Watoto wengine wakisema hivyo wanavunja uhusiano, wengine ndio wanauanza, inategemea limetanguliwa na nini. Kama limetanguliwa na "ada yangu ilitoka kwenye mikono yako na naijua harufu yake", litasikika tofauti.

Ule uongo nao. Kwa bosi unaweza kuomba tu waondoe ule mstari kwenye maelezo yako, bila hotuba, ingawa anaweza kuuliza kwa nini na kazi ikayumba, usijidanganye kwamba haiwezi kuyumba. Waholanzi ni watu wazima, wamekufuata miaka yote hiyo kwa sababu unajua kazi. Wanaweza kukasirika, wanaweza kukata safari. Wanaweza pia kukaa na mzee mpaka usiku wakimuuliza kuhusu chumvi, maana askari wastaafu wameshaonana nao kwenye kila hifadhi, mchunaji hawajawahi kumuona hata mmoja. Au unaweza kuwapangia chakula hotelini na kuahirisha yote, na hilo pia ni chaguo, nimeona watu wakiishi nalo miaka, wanachoka tu.

Nilitaka kukuuliza na hili, ulipofika kambini darasa la sita, ulimkuta baba anageuza sikio. Umeliandika vizuri mno, soksi ya mtoto. Mtu anayeandika hivyo alikuwa amesimama karibu, hakuwa ameziba pua. Mzee anajua kwamba ulikuwa unaangalia?

Basi mpigie. Mwambie nauli ipo, chumba kipo, kichwa na kichupa vibaki kwanza kwa sababu ya karatasi, na hiyo ni kweli kwa hiyo hutahitaji kutunga. Halafu muulize siku ile ya mbogo wawili ilikuwaje, umwache aongee, usimkatize. Mpigie jioni lakini, msimu huu asubuhi wazee wa kwenu wako kwenye mikorosho na simu wameacha nyumbani.